Toleo la Zamani Lina Ubaya Gani?

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wasomaji wapendwa, kidonda hicho tunacho hapa Sigalagala, ndani ya simu zetu za nyumbani. Nyingi ni za mkono wa pili, ama zile za kumbukumbu ya GB 1 tu. Programu zikijisasisha zinanenepa. Bando la mama linamezwa usiku, na asubuhi simu imeganda kama uji wa jana.

Basi vijana wanafuta programu mpya na kusaka ile ya zamani iliyokuwa nyepesi. Kwa maoni yangu hilo si kosa hata kidogo. Wanaotuambia tusasishe kila kitu pengine wana waifai sebuleni! Tatizo ni pale tunapolitoa toleo hilo.

Sikizeni. Kila programu ya Android hutiwa saini na mtengenezaji wake. Ukiweka toleo jingine juu ya lililopo, simu hulinganisha saini. Zikitofautiana, inakataa katakata. Hukataa pia toleo la nyuma juu ya la mbele. Ndiyo maana watu hufuta kwanza. Lakini ukishafuta, simu haina tena saini ya kulinganisha. Mlinzi umemfukuza wewe mwenyewe, na faili ya APK uliyorushiwa na rafiki stejini inaweza kuingia kwa jina la ile uliyoizoea. Na vitu vyako vilivyokuwa ndani vimekwenda arijojo.

Heri kuwahi kabla ya kufuta. Ingia Play Store, fungua ukurasa wa programu inayokufaa, bonyeza vidoti vitatu pale juu, uondoe alama ya kujisasisha. Ikibidi kurudi nyuma, hifadhi kwanza vitu vyako kwingine, kisha nenda panapokagua saini kama APKMirror, ama F-Droid inayoweka matoleo ya zamani ya programu zake huria. Ukimaliza, funga ile ruhusa ya kuweka programu kutoka nje. Wengi huisahau.

Programu za pesa zisasishwe, bando liwe dogo vipi. Simu ikilemewa, M-PESA ina *334#, nayo haihitaji intaneti. WhatsApp vilevile: Mei 2019 ilipatikana na tundu lililowaruhusu wapelelezi kupenya kwa kupiga simu tu, hata usipoipokea, na dawa ilikuwa toleo jipya. Tena toleo lake likizeeka sana hukataa kufanya kazi. Ile GB WhatsApp mnayosifiana si ya zamani wala mpya; ni ya watu wengine kabisa, na WhatsApp hufungia akaunti za wanaoitumia.

Naomba chama chetu kimsihi mwalimu wa kompyuta atupe kipindi kimoja cha jambo hili muhula ujao. Wazazi hutukabidhi sisi simu hizo tuzitengeneze, na ndani yake mna karo yetu.