Jina la Kindu Mlangoni pa Wengine



Siku hizi kiwanja cha ndege ni mlango wa nchi, kama vile gati la mto lilivyokuwa mlango kwa babu zetu. Mgeni anaposhuka, kabla hajapewa mkono na mtu yeyote, husalimiwa na kile anachokiona ukutani au uwanjani. Ndiyo maana mataifa mengi huweka mahali hapo kazi za sanaa: sanamu, michoro, nguzo za kumbukumbu. Hayo si mapambo tu. Ni neno la kwanza ambalo wenyeji wanamwambia mgeni, tena ni neno la mwisho wanalomwachia msafiri. Napenda tutafakari juu ya neno hilo, kwa sababu jina la mji mkuu wa jimbo letu la Maniema limeandikwa mlangoni pa watu wengine, na wengi wetu hatuna habari.

Huko Pisa, nchini Italia, karibu na kiwanja cha ndege cha jeshi, kuna kikanisa cha kumbukumbu kinachoitwa kwa jina la Kindu. Nje ya kiwanja kikubwa cha Fiumicino, kinachohudumia mji wa Roma, imesimamishwa nguzo ya ukumbusho yenye jina hilohilo. Tena katika miji mingi ya Italia kuna barabara zilizopewa jina la waliokufa Kindu. Mtoto wa Kiitalia asiyejua Lualaba ni mto wa wapi aweza kukua akipita kila siku chini ya kibao chenye jina hilo. Je, kijana wa Kasongo au wa Kabambare anaweza kueleza kwa nini kibao hicho kipo?

Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia, za aina ya C-119, zilitua Kindu. Zilitoka katika kikosi cha 46 chenye makao yake Pisa, zikifanya kazi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Zilileta mahitaji kwa askari kutoka Malaya waliowekwa pale kulinda amani. Waitalia hao walikuwa 13. Waliongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani na Kapteni Giorgio Gonelli, na kati yao alikuwamo daktari, Luteni Francesco Paolo Remotti. Wakati huo nchi yetu ilikuwa imepasuka. Katanga ilikuwa imejitenga, Lumumba alikuwa ameuawa mwezi wa Januari mwaka uleule, na habari za askari wa kukodiwa wa Tshombe zilikuwa zimewajaza watu hofu na hasira. Askari wa Kongo waliokuwa Kindu waliwavamia wageni hao, wakiwadhania kuwa Wabelgiji wanaomtumikia Tshombe. Wote 13 waliuawa. Mwaka 1962 miili yao ilipatikana ikiwa imezikwa Tokolote, karibu na Lualaba, ikarudishwa Pisa na kulazwa katika kikanisa kile. Mwaka 1994 serikali ya Italia iliwapa nishani ya dhahabu ya ushujaa.

Simulizi linalotunzwa huko kwao linaongeza jambo moja: kwamba mlinzi wa gereza la Kindu ndiye aliyeichukua miili ile usiku, akaenda kuizika mbali na mji. Ikiwa ndivyo, basi katika usiku ule wa aibu alikuwapo mwana wa nchi yetu aliyekumbuka kwamba maiti ni mtu na anastahili kaburi. Ni nani kati yetu anayemjua mtu huyo kwa jina? Hilo ndilo swali linalonichoma kuliko mengine yote.

Kindu haiko peke yake. Huko Blankenberge, mji wa pwani nchini Ubelgiji, kuna sanamu iliyochongwa na Guillaume Charlier na kuzinduliwa mwaka 1900. Inawakumbuka Luteni Lippens na Sajenti De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa hapahapa Kasongo mwaka 1892, wakati mji ulipokuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Huko Gentinnes, Ubelgiji vilevile, kuna kikanisa cha ukumbusho wa Kongolo, jirani yetu wa kusini. Huko wanakumbukwa wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliouawa Kongolo tarehe 1 Januari 1962, pamoja na wengine waliokufa katika nchi yetu miaka ile. Kasongo, Kindu, Kongolo: majina matatu ya nyumbani kwetu, yamechongwa ugenini, na mara zote tatu ni majina ya vifo.

Kijana akisikia haya aweza kuchukua mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni aibu: atainamisha kichwa na kutamani kuwa mtu wa mahali pengine. Ya pili ni hasira: atasema wageni wanatuchafulia jina, na kwamba wao nao walituua wengi kupita hesabu. Ya tatu, ambayo ndiyo ya wengi, ni kunyamaza: atasema ni mambo ya zamani, hayamhusu. Mimi naona njia zote tatu zinatuacha mahali palepale, kwa maana zote zinawaachia wengine kazi ya kutusimulia.

Mawe ya Pisa na Blankenberge hayasemi uongo. Familia iliyopoteza mtoto ina haki ya kuchonga jina lake, wala hatuwezi kuwadai Waitalia wachonge majina ya watu wetu. Lakini ukweli wa jiwe moja ni ukweli wa upande mmoja. Katika mwaka ule wa 1892 hawakufa Wazungu wawili tu. Watu wa vijiji vyetu walikuwa wamefungwa minyororo na kupelekwa utumwani kwa miaka mingi. Wapagazi walianguka njiani. Majeshi ya Dhanis yalipoiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, waliopigana na kufa pande zote mbili wengi wao walikuwa Waafrika. Hao wamechongwa wapi? Baadaye ukaja uasi wa 1964, ukapita Kindu, Kasongo na Kabambare. Zikaja vita za 1996 na za 1998. Katika kila parokia yetu kuna makaburi yasiyo na msalaba wala jina. Waitalia wanajua majina ya watu wao 13 mmoja mmoja. Sisi tunasema tu kwamba watu wengi walikufa. Neno «wengi» si jina la mtu.

Mtu aweza kuuliza: kumbukumbu hizo zinahusiana nini na sanaa, tena ya kiwanja cha ndege? Mimi ni mwalimu kwa mafunzo yangu, nami nitajibu kama mwalimu. Tulifundishwa katika shule ya ualimu kwamba mtoto hushika kwanza kile alichokiona, na maneno hufuata nyuma. Kielelezo kilichowekwa mbele ya darasa hufundisha hata mwalimu akinyamaza. Basi mlango wa nchi ni darasa ambalo kila mtu hulipitia, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Usipoweka hapo kielelezo cha kweli, nafasi haibaki tupu. Itajazwa na tangazo la bia au la simu, au na picha kubwa ya mkubwa anayetafuta kura. Hayo nayo yanafundisha. Yanamfundisha kijana kwamba mtu mwenye thamani ni yule mwenye fedha za kuchapa uso wake.

Wengine wamejaribu kufanya vizuri zaidi. Msafiri atokaye kiwanja cha N'djili kuingia Kinshasa hupita katika barabara ya Lumumba, na kule Limete hukutana na sanamu yake. Chini ya mnara wa mahali hapo ndipo yalipowekwa, mwaka 2022, mabaki yake yaliyorudishwa kutoka Ubelgiji. Huko Brussels, katika ukumbi wa kiwanja cha Zaventem, ilikuwapo sanamu ya shaba ya Olivier Strebelle. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu yalilipuka ukumbini, watu wakafa, na sanamu ikajeruhiwa pamoja nao. Wangeweza kuitupa, au kuiziba matundu na kuing'arisha. Badala yake waliihamishia katika bustani ya kumbukumbu karibu na kiwanja, ikiwa na majeraha yake. Nadhani walitenda kwa hekima. Sisi tunaomwabudu Mfufuka aliyewaonyesha wanafunzi wake makovu ya mikono tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hilo. Kovu linaloonyeshwa laweza kuwa ushuhuda. Lile linalofichwa huendelea kuoza chini ya nguo.

Najua hoja zitakazotolewa kunipinga, nami siwezi kuzidharau. Ya kwanza inasema: barabara ya kutoka Kasongo inatushinda, zahanati hazina dawa, nawe unatuletea habari za sanamu? Ni hoja nzito, na mama anayembeba mgonjwa mgongoni ana haki ya kuitoa. Lakini kumbukumbu haidai marumaru wala mamilioni. Majirani zetu Walega walilijua hilo. Katika chama chao cha Bwami walitumia vinyago vidogo vya mti na vya pembe za ndovu, vingine vinaenea kiganjani, na kila kimoja kilikwenda pamoja na methali ya kumfundisha mtu mwenendo mwema. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948, na vinyago vingi leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, kama ile ya Tervuren. Sisemi turudie kila desturi ya Bwami. Nasema walielewa kwamba ukubwa wa somo hautokani na ukubwa wa sanamu. Ukuta wa matofali yetu wenyewe, ubao wa mti mgumu uliochongwa na fundi wa hapa, vyatosha kubeba majina.

Hoja ya pili inasema: mkiyachimbua hayo mtaamsha visasi. Hofu hiyo ina msingi, maana kumbukumbu ya upande mmoja ni petroli. Orodha ya wafu wa kabila moja tu haifai kuwekwa popote. Lakini tukumbuke kilichowaua wale 13. Waliuawa kwa uvumi. Mtu alimtazama mgeni, akaona rangi na sare, akasema huyu ni adui, na umati ukaitika. Je, jambo hilo limekwisha kwetu? Bado bibi kizee hushutumiwa uchawi kwa neno la jirani mmoja. Bado msafiri wa kabila jingine hutazamwa kama mpelelezi pindi habari mbaya zinapovuma. Wahenga walisema «mgeni njoo, mwenyeji apone». Siku ile Kindu mgeni alikuja na chakula cha walinda amani, na mwenyeji akajijeruhi mwenyewe kwa kumwua. Kijana asiyeonyeshwa kosa hilo atalirudia huku akidhani anatetea nchi yake.

Basi maoni yangu ni haya. Kiwanja cha ndege cha Kindu kinastahili kazi ya sanaa ya kweli, na vivyo hivyo milango yetu midogo ya Kasongo na Kabambare, mahali ndege na malori yanapofika. Kazi hiyo ichongwe na mikono ya Maniema. Iwataje wageni waliouawa kwetu bila kutafuta udhuru. Iwataje watu wetu waliochukuliwa utumwani, waliokufa katika uasi na katika vita, wa kila kabila na wa kila dini, Wakristo na Waislamu, kwa kuwa waliishi na kufa pamoja. Tena impe nafasi mtu kama yule mlinzi wa gereza, aliyetenda wema wakati wema ulikuwa hatari. Hapo mgeni akishuka atajua kwamba amefika kwa watu wanaoijua historia yao yote.

Serikali ya jimbo itakapoamua, itaamua. Ninyi msiingoje. Mchongaji hawezi kuchonga jina asilopewa, na majina bado yamo vinywani mwa wazee wetu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1961 sasa amevuka sabini. Kila mazishi ya mzee ni ukurasa unaoungua. Kikundi cha vijana cha parokia kinaweza kuanza Jumapili hii kwa daftari moja na kalamu. Nendeni kwa wazee wawili wawili, mkae nao kwa heshima, msiwakatize, mwandike jina la marehemu, kijiji chake, mwaka, na jinsi alivyoishi kabla ya kuandika jinsi alivyokufa. Msiandike jina la mshtakiwa yeyote kwa uvumi. Muulizeni pia mzee wa familia ya Kiislamu iliyo jirani na misioni. Daftari hilo lisomwe katika sala ya Marehemu Wote mwezi wa Novemba, kisha litunzwe parokiani. Siku fundi atakapoitwa, kazi yake itakuwa nusu imekwisha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni picha au maandishi gani mgeni huyaona kwanza? Yanamwambia nini juu yetu?

2. Je, tumewahi kumhukumu mtu kwa uvumi? Ni nani aliyelipa gharama yake?

3. Tukipewa ukuta mmoja mlangoni pa Kasongo, ni jina gani tungeandika la kwanza, na kwa nini?