Unene Si Afya

Wako wazazi ambao, wakimwachisha mtoto ziwa, humpa maziwa mazito matamu ya kopo, na wakionywa hujibu, "Mbona ananenepa?" Unene si afya! Maziwa hayo yamejaa sukari. Yakizimuliwa kwa maji, vijengavyo mwili hubaki haba. Daktari Cicely Williams, akihutubu huko Singapore mwaka 1939, alisema kuwa kuwashawishi wazazi wawape watoto wachanga maziwa hayo ni sawa na uuaji. Basi, akina mama, msifanye haraka. Mtoto na aanze uji na vyakula laini apatapo miezi 6, huku akinyonya hata miaka 2. Atimizapo mwaka 1, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yamfaa, kwa kikombe kisafi. Utamu wa ulimi usiwe hakimu wa uhai wa mtoto.