Tusiwaache babu na nyanya nyumbani

Mhariri,

Shule zikifunga, familia nyingi za huku Kinanie huwapeleka watoto kwa babu na nyanya, kisha wazazi hurudi kazini. Wazazi na wazee hupokezana watoto bila vizazi vyote vitatu kukaa pamoja. Kupiga kambi siku mbili kando ya Ziwa Naivasha kungerekebisha hilo, kwa kuwa hema kubwa halisimami kirahisi kwa mikono ya mtu mmoja: mtoto hushika kamba, baba hupigilia vigingi, naye nyanya huonyesha jinsi ya kuwasha kuni penye upepo. Mtaala wa umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto, na kambi ni fursa ya hilo; kando ya moto lugha yetu ya Kikamba hupata nafasi ambayo runinga haikipi.

Wapo watakaosema wazee hawawezi baridi. Kweli, Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini kambi kadhaa hukodisha vyumba pia. Babu alale kitandani, wajukuu hemani. Hofu ya viboko nayo ina msingi, maana hutoka majini usiku kula nyasi. Dawa ni kuchagua kambi yenye ua wa umeme na kutokaribia ufuo jua likitua. Ama gharama, ukoo uchange. Tunaochangia matanga ya mzee bila kusita hatuna sababu ya kushindwa kuchangia safari yake akiwa hai.

Msomaji,
Kinanie, Machakos