SHULE HAIPIMWI KWA KIBAO CHAKE

Ndugu wafanya kazi wa migodini, na ninyi wananchi wa Munigi na Goma,

Mawe yatokayo mgodini hupita mizanini. Hakuna mnunuzi anayelipa kwa kuhesabu magunia tu. Hupima uzito, kisha huuliza mna madini kiasi gani ndani yake. Basi mbona misaada ya shule twakubali ihesabiwe kwa magunia? Twaambiwa: madawati kadhaa yametolewa, waalimu kadhaa wamepewa semina, vitabu kadhaa vimegawanywa. Hayo ni magunia. Madini ni mtoto anayejua kusoma.

Na madini ni haba. Benki ya Dunia yenyewe imekadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma habari fupi na kuielewa. Mwezi wa Juni 2020 Benki hiyo ilikubali kutoa dola milioni 800 kutegemeza masomo ya msingi ya bure, yaliyoanza Septemba 2019. Jambo hilo lilikuwa jema, maana tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliowalipa waalimu kutoka mifukoni mwao. Watoto waliofukuzwa kwa kukosa franka walirudi masomoni. Lakini kuwahesabu waliorudi si kupima walichojifunza, hasa darasa likijaa hata mwalimu hapati nafasi ya kupita kati ya madawati.

Je, kupima kweli kwawezekana? Ndiyo. Huko Katanga, nchi ya migodi, shirika la IRC lilifundisha waalimu kwa fedha za Marekani kuanzia mwaka 2010. Shule ziligawanywa kwa kura: hizi zianze, zile zingoje. Baada ya mwaka mmoja wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York waliwalinganisha watoto wa pande zote mbili. Kusoma kulipanda kidogo, na jometri pia. Kujumlisha na kutoa hakukubadilika. Jibu hilo si la kupigiwa ngoma, lakini ni la kweli. Laonyesha lipi liendelee na lipi lirekebishwe.

Wengine husema: hapa kwetu pana volkano na vita, kupima ni anasa. Ni kweli, lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika mlangoni mwa Goma. Januari 2025 vita viliingia mjini, na mwaka huo huo Marekani ikafunga shirika lake la misaada, USAID. Hiyo ndiyo sababu ya kupima! Msaada waweza kukatwa kwa amri moja ya ng'ambo. Siku hiyo tutajuaje kazi ipi tuishike kwa mikono yetu wenyewe, na ipi tuiache iende zake?

Twataka mambo matatu. Kwanza, watoto wapimwe kusoma na hesabu kabla mradi haujaanza, na tena ukiisha. Pili, majibu yasomwe mbele ya wazazi, kwa Kiswahili, hapa hapa, si Kinshasa na Washington tu. Tatu, mshahara wa mwalimu ufike kila mwezi. Semina haijazi chungu.

Wazazi, msingoje wakaguzi. Jioni ya leo mpe mtoto wako gazeti hili asome mistari mitatu, kisha mwulize maana yake. Akishindwa, nendeni shuleni pamoja, kwa adabu, mkaulize kwa nini. Nchi isiyojua watoto wake wamejifunza nini haijajitawala bado.

Karani wa mgodi,
Munigi