Sinthesaiza ndiyo ibadilishe pichi, si mzee mwenye gitaa

Wadau, leo nina ugomvi na maprodyuza wetu wa huku Kasikeu na Sultan Hamud. Nyote mna laptopu, nyote mna sinthesaiza ya programu, na wengi wenu hamjagusa kitufe cha pichi tangu mlipoiweka kwenye mashine. Halafu mzee anakuja na gitaa lake, anapiga benga safi ya Kikamba, anaambiwa eti hayuko kwenye noti! Nimelisikia hilo kwa masikio yangu katika studio moja (sitaitaja). Mzee akaenda zake, na sehemu yake ikapigwa na gitaa la kompyuta lililokuja na programu.

Sasa niwaulize, nani alisema A ni 440 Hz? Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859. Ni mkutano wa London wa 1939 uliokubaliana 440, na ISO ikaiandika kuwa kiwango namba 16 mwaka 1975. Ni makubaliano tu. Kwenye programu yako ni namba iliyojazwa ili nafasi isibaki tupu, na sisi tunaoandika msimbo tunajua namba ya aina hiyo imewekwa ibadilishwe. Wapigaji wengi wa rika la yule mzee walijifunza kwa kusikiliza kaseti za kina Kakai Kilonzo, wakikaza nyuzi kufuata kaseti, na redio kaseti hazizunguki kwa kasi moja (betri zikichoka ndio kabisa). Nyuzi zake sita zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Kinachogombana nazo ni laptopu yako.

Na dawa yake ni ndogo mno. Tuseme A ya mzee ni 430 Hz. Oktava moja ina senti 1200 (hizi hazinunui sukari), semitoni moja senti 100. Piga hesabu: 1200 × log2(430/440), unapata karibu −40. Shusha pichi ya sinthesaiza senti 40, basi, mmepatana. Usiposhusha, A zenu mbili zikilia pamoja zitatetema mara 10 kwa sekunde, na hapo ndipo mnapomlaumu mzee. Msikimbilie gurudumu la pichi. Lile ukiliachilia linarudi katikati.

Kisha kuna filta. Ukipandisha sana rezonansi, filta inaanza kupiga mluzi wake pale inapokatia sauti, na mluzi huo una pichi. Kama hukuiambia filta ifuate noti za kinanda, mluzi unabaki palepale wimbo ukipanda na kushuka, kama mgeni anayeimba wimbo mwingine harusini. LFO inayoitikisa filta nayo mnaiacha ilivyokuja. Benga ya mapigo 150 kwa dakika ni mapigo 2.5 kwa sekunde. LFO ya 2 Hz itapishana nayo hadi mwisho. Iweke 2.5, au uifunge kwenye kasi ya wimbo.

Mtasema ni rahisi kumnyoosha mzee kwa Auto-Tune. Jaribuni kunyoosha nyuzi tatu zinazolia kwa pamoja, halafu mnitumie matokeo nicheke. Au mtasema programu nzuri ni ghali. Surge ilifunguliwa msimbo mwaka 2018, leo inaitwa Surge XT, ni ya bure, na inasoma hata mizani isiyo ya kizungu. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann aliandika katika jarida la Nature kuhusu kinubi cha Waganda kinachogawa oktava hatua tano zinazokaribia kulingana, yaani senti 240 kila moja. Mizani hiyo ni faili ya maandishi ya mistari saba: jina, idadi ya noti, na noti tano. Sisi hata faili hatuhitaji, ni senti 40 tu!

Mwenye studio asiyejua kitufe kiko wapi aje na laptopu tukitafute pamoja. Ila yule mzee apigiwe simu kwanza.