Robota Halichunguliwi

Nyinyi mnaohubiri TikTok eti mitumba ni "mtaji mdogo, faida kesho", hebu tulieni. Niliacha chuo, nikakopa bonasi ya majani chai ya mama, nikanunua robota la sweta Gikomba, kilo 45. Kuchungulia marufuku. Kulifungua Litein: kamera nane, zingine zote fagia. Muuzaji? "Pole, boss. Ni bahati."

Bahati gani? Aliyezichambua ng'ambo alijua anachofunga. Sisi wa mwisho ndio tunabeba hasara.

Sikatai, kamera hulipa. Kwa baridi hii ya Kericho, zile nane ziliisha WhatsApp jioni hiyo hiyo. Lakini fungueni robota mbele yetu, tuhesabu, ndipo tutume M-Pesa.

Fagia ziko chini ya kitanda cha mama. Bado hajauliza.