Shukrani ya Punda

Wahenga walinena kwamba shukrani ya punda ni mateke, nasi tumelishika neno hilo kana kwamba ni sheria. Mimi nalikataa. Niambie, msomaji, punda ametendewa wema gani hata adaiwe shukrani?

Nenda Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, ukatazame. Asubuhi punda hutwikwa shogi zilizojaa mchanga au mawe; jioni wengi hufunguliwa wakajitafutie chakula jaani. Si bure kwamba mwaka 1987 kilifunguliwa humo kituo cha kuwatibu. Mkono wa mwanadamu hawaujui ila ukishika fimbo. Kisha mmoja akirusha teke, twaona ajabu!

Macho ya punda yako kandoni mwa kichwa, wala haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Ukimjia huko kimya kimya, u adui kwake, hata ukiwa na nia njema.

Basi siku isiyo na mzigo mjie kwa ubavuni, ukimwita. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda wenyewe hukunana kwa meno. Inua miguu yake mmoja mmoja, umtoe vijiwe kwatoni. Kisha tembea naye mpaka ufukoni, kamba ikiwa legevu, wala usimpande; akisimama kunusa kitu, simama nawe. (Wenzako watakucheka. Waache.)

Utasema huna wakati. Je, wa kuvutana na mnyama aliyegoma njiani waupata wapi? Jaribu mwezi mmoja, kisha uje unionyeshe ulipopigwa teke.